Nani Ameshika Kipanya? Historia ya Kompyuta Inayodhani Uko Peke Yako

Wasee, fanyeni jaribio hili leo. Chukua laptopu yoyote, chomeka kipanya kimoja cha USB, halafu chomeka cha pili. Mpe rafiki yako kimoja, wewe ubaki na kingine, kisha sogezeni vyote kwa wakati mmoja. Mshale kwa skrini ni ule ule mmoja, na sasa unavutwa huku na kule kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Ukichomeka kibodi mbili mambo ni yale yale. Herufi zako na zake zinaingia kwenye sentensi moja na hakuna anayeelewa kilichoandikwa.

Watu wengi wakiona hivyo wanasema, "Si ni kawaida? Kompyuta ni ya mtu mmoja." Leo nataka kubishana na hiyo kauli. Hakuna sheria ya fizikia inayosema kompyuta iwe na mshale mmoja. Huo ni uamuzi uliofanywa na watu fulani, kwenye ofisi fulani, miaka fulani, na wengine wetu tuliosoma kwa kompyuta za kugawana tumeulipia bila kuambiwa bei.

Gemu zilijua mapema

Tuanzie mahali ambapo kila kijana wa mtaa ako na uzoefu: gemu.

Oktoba 1958, kwenye maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, mwanafizikia William Higinbotham alitaka wageni wanaotembelea maabara wasichoke. Akaunda mchezo wa tenisi kwa skrini ndogo ya duara ya kifaa cha kupimia umeme. Kila mchezaji alipewa kisanduku chake chenye kitufe cha kupiga mpira na kirungu cha kuzungusha ili kuchagua pembe. Watu wawili, skrini moja, vifaa viwili.

Mwaka 1962, vijana wa MIT wakiongozwa na Steve Russell walimaliza Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, kwenye kompyuta ya PDP-1. Mwanzoni wachezaji walitumia swichi za mashine yenyewe. Shida ikawa kwamba swichi hizo zilikuwa upande mmoja wa skrini, kwa hivyo mmoja wenu alikuwa anaona vizuri na mwingine anachungulia kando. Haikuwa haki. Basi wakaunda visanduku vya kuongozea, kila mtu na chake. Mwaka 1972 Pong ya Atari ikatoka ikiwa na virungu viwili, kimoja cha kila mchezaji.

Ukiingia leo kwa kibanda chochote cha PlayStation pale mtaani utaona mpango ule ule. Benchi moja, TV moja, kontrola mbili, na ukifungwa unaachia anayefuata. Mashine inajua huyu ni mchezaji wa kwanza na yule ni wa pili. Haijawahi kuchanganya. Kwa hivyo mtu asituambie ati kompyuta haiwezi kutofautisha mikono ya watu wawili. Iliweza kabla wazazi wetu wengi wazaliwe.

Siku moja San Francisco

Sasa tuje upande wa kazi, yaani hii kompyuta ya madirisha, menyu na mafaili.

Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart alisimamia onyesho la dakika 90 mjini San Francisco mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu wa kompyuta. Wengi wetu tunalijua onyesho hilo kwa sababu ya kipanya, ambacho mfano wake wa kwanza wa mbao ulitengenezwa na mwenzake Bill English miaka michache kabla. Lakini angalia meza ya Engelbart vizuri. Mkono wa kulia alikuwa na kipanya. Katikati palikuwa na kibodi ya kawaida. Mkono wa kushoto alikuwa na kifaa kingine chenye vitufe vitano virefu kama vya piano, ambavyo unavibonyeza kwa pamoja ili kupata herufi. Vifaa vitatu kwa mtu mmoja, vyote vikifanya kazi pamoja.

Kuna sehemu nyingine ya onyesho hilo ambayo kwangu ni tamu zaidi. Engelbart aliunganishwa na mwenzake, Bill Paxton, aliyekuwa Menlo Park, mji mwingine kabisa. Uso wa Paxton ulionekana kwa skrini, wote wawili walitazama maandishi yale yale, na kila mmoja alikuwa na alama yake ya kuonyeshea. Ni kweli alama ya Engelbart ndiyo iliyokuwa na mamlaka, lakini wazo lilikuwa wazi. Engelbart aliota juu ya vikundi vya watu vinavyotatua matatizo magumu kwa pamoja, na kompyuta kwake ilikuwa kama meza ya kikundi.

Baada ya hapo njia ikageuka. Baadhi ya watu wake walihamia kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, na mwaka 1973 kituo hicho kikaunda Alto. Wazo la Alto lilikuwa zuri sana kwa wakati wake: badala ya watu wengi kupanga foleni kwa mashine moja kubwa, kila mtafiti awe na kompyuta yake mezani. Kipanya kilibaki. Vile vitufe vitano vya mkono wa kushoto vilihamia Alto pia, lakini ni wachache waliovitumia, na baadaye vikapotea kabisa. Xerox ikauza Star mwaka 1981, na Januari 1984 Apple ikatoa Macintosh kwa dola 2,495. Kipanya kimoja, kitufe kimoja, mshale mmoja, mtu mmoja.

Siwalaumu. Ukiwa California, kila mfanyakazi ako na dawati lake, kiti chake na mshahara wa kununua mashine yake, mshale mmoja unatosha. Shida inaanza pale suluhisho la ofisi yao linapogeuka kuwa kanuni ya dunia nzima.

Mshale mmoja ukawa sheria

Hebu niwaeleze kinachoendelea ndani, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea.

Unapochomeka vipanya viwili, mfumo unaviona vyote viwili. Unajua kabisa kimoja kiko kwenye tundu hili na kingine kwenye lile. Lakini kabla ya kupeleka habari kwa programu unayotumia, mfumo humimina kila kitu kwenye mfereji mmoja. Programu inaambiwa tu "kipanya kimesogea" au "kitufe kimebonyezwa". Haiambiwi ni cha nani. X Window System, mfumo wa madirisha uliozaliwa MIT mwaka 1984 na uliobeba Linux kwa miaka mingi, ulikuwa na kifaa kimoja kikuu cha kuonyeshea na kibodi moja kuu. Kila kilichochomekwa zaidi kilijiunga na hao wakuu wawili.

Programu nazo zikajengwa juu ya imani hiyo. Dirisha moja tu ndilo "limechangamka" na kupokea herufi. Ukifungua menyu, programu inashika mshale wote mpaka uchague kitu au ubonyeze kando. Sasa wazia mko wawili. Wewe umefungua menyu ya rangi, mwenzako anabonyeza mahali pengine, menyu yako inajifunga usoni mwako. Ukinakili sentensi na yeye akanakili picha, ya mwisho inafuta ya kwanza, kwa sababu sehemu ya kuhifadhi ni moja. Na ukibonyeza "tengua", kitu gani kinatenguliwa? Kazi yako ya mwisho au yake? Manze, hapo hata mimi ningegombana na mtu.

Kulikuwa na wateja wengine waliohitaji vifaa zaidi, na wakapewa. Wachoraji walitaka kalamu za kidijitali zinazojua umekandamiza kiasi gani, kwa hivyo programu za kuchora kama GIMP zikajifunza kutofautisha kalamu na kipanya. Lakini hata hapo hesabu ilikuwa ya vifaa vingi kwa mtu mmoja. Watu wengi kwa skrini moja hawakuwa kwenye mpango.

Waliokataa

Historia hii ina wabishi, na mimi huwapenda wabishi.

Mwaka 1991, Eric Bier na Steven Freeman, wakiwa pale pale Xerox, walionyesha mfumo walioupa jina MMM. Ulikuwa wa kuhariri kazi kwa pamoja kwenye skrini moja, kila mtu na kipanya chake. Mfumo ulimtambua kila mmoja kwa rangi, na kila mmoja aliweza kuweka mapendeleo yake bila kuharibu ya mwenzake. Yaani maswali yale yote ya nani kafungua menyu na nani kachagua nini, wao walishaanza kuyajibu zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mwaka 1999, Jason Stewart, Benjamin Bederson na Allison Druin walichapisha utafiti uliolipa wazo hili jina rasmi na mpangilio wa kinadharia. Walikuwa wamefanya kazi na watoto kwa kutumia KidPad, programu ya kuchora na kusimulia hadithi ambapo watoto kadhaa wanachora pamoja, kila mmoja na kipanya chake.

Lakini hadithi inayonigusa zaidi ilitokea India. Mwaka 2005 Microsoft ilifungua kituo cha utafiti Bangalore. Kentaro Toyama na wenzake, Udai Singh Pawar na Joyojeet Pal, walitembelea shule za vijijini na kuona picha ambayo mtu yeyote aliyesoma shule ya umma huku kwetu anaijua: watoto wengi wamezunguka kompyuta moja, na mmoja tu ndiye ameshika kipanya. Wengine ni watazamaji. Badala ya kusema "tununue kompyuta zaidi", wao waliuliza swali la bei rahisi: je, tukiongeza vipanya tu?

Wakaandika programu inayoonyesha mishale mingi ya rangi tofauti. Kisha wakaipima. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2007, watoto 238 wa familia maskini za vijijini walijifunza maneno ya Kiingereza kwa mipangilio tofauti. Baadhi walikaa peke yao na kompyuta. Wengine waligawana kipanya kimoja. Wengine walikaa watano kwa kompyuta moja, kila mmoja na kipanya chake. Kwa ujumla, wale watano wenye vipanya vyao walijifunza maneno kwa kiwango sawa na mtoto aliyekuwa na kompyuta nzima peke yake.

Soma tena hiyo sentensi. Mashine moja, watoto watano, na hakuna aliyebaki nyuma kwa sababu ya kugawana.

Utafiti huo una funzo lingine. Walijaribu mitindo miwili: mmoja wa mashindano, mwingine wa ushirikiano, na tofauti ilikuwa kubwa. Kwa wavulana, kiasi cha walichojifunza kilibadilika kulingana na mtindo. Wasichana walijifunza kwa kiwango kilekile bila kujali mpangilio. Kwa hivyo kuongeza vipanya pekee hakutoshi. Lazima mtu akae chini afikirie sheria za mchezo.

Mlango ulifunguliwa, watu hawakuingia

Wakati huohuo kule Australia, Peter Hutterer alikuwa anafanya utafiti wake wa uzamifu kuhusu kuingiza mishale mingi ndani ya X yenyewe. Kazi yake ilikubaliwa rasmi na kutoka na toleo la mwaka 2009. Mpaka leo, ukiwa na Linux inayotumia Xorg, unaandika amri mbili za xinput: ya kwanza inaunda mshale mpya, ya pili inakabidhi kipanya chako cha ziada kwa mshale huo. Mshale wa pili unatokea hapo hapo, na kibodi ya pili unaweza kuipa dirisha lake. Mwaka 2011 GTK 3, maktaba ambayo programu nyingi za Linux hujengwa nayo, ikaongeza uwezo wa programu kuuliza ni kifaa kipi kimebonyeza. Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, una wazo la "kiti": kila kiti na kipanya chake na kibodi yake.

Microsoft nayo ilitoa zana kwa watengenezaji programu, na mwaka 2010 ikatoa Mouse Mischief, kiongezo cha bure cha PowerPoint. Mwalimu anaweka swali ukutani, kila mwanafunzi anajibu kwa kipanya chake. Leo haiendelezwi tena.

Kwa nini haya yote hayakushika? Kwa maoni yangu, sababu ni ya soko. Mtu anayenunua programu ghali hagawani kompyuta. Mtu anayegawana kompyuta hanunui programu ghali. Kampuni haina haraka ya kuandika upya menyu, madirisha na kitufe cha kutengua kwa ajili ya mteja ambaye hana pesa. Kwa hivyo mlango uko wazi miaka mingi sasa na chumba ni kitupu.

Na sisi je?

Huku Kenya, mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 ahadi ikaja kama tableti, na zaidi ya vifaa milioni 1 vikapelekwa shule za msingi. Sitaki kurudia vita vya kisiasa vya mradi huo. Nataka tu uone wazo lililokuwa chini yake: kifaa kimoja kwa mtoto mmoja. Ni hesabu ileile ya Palo Alto ya mwaka 1973. Kwenye mjadala wote ule, mimi sikusikia mtu akiuliza kama skrini moja inaweza kuhudumia watoto watano wote wakiwa na mikono kazini.

Kwa shule ya upili niliyosoma, tulikuwa wanne kwa kompyuta moja. Aliyeshika kipanya alikuwa yule ambaye kwao kuna kompyuta, kwa sababu alikuwa na kasi na kipindi kilikuwa kifupi. Sisi watatu kazi yetu ilikuwa kusema "bonyeza hapo, hapana, hapo juu". Alikuwa msee mpoa, hakuwa na ubaya wowote. Lakini wiki baada ya wiki, aliyejua akazidi kujua, na asiyejua akawa mtaalamu wa kutazama. Kuna dada tuliyekaa naye meza moja aliyemaliza kidato cha nne akijua majina ya menyu zote bila kuwahi kuzifungua kwa mkono wake. Alikuwa anapata alama nzuri za nadharia. Alipoenda kutafuta kazi ya kwanza ya kuandika data, wakampa kipanya.

Kipanya cha kawaida kinauzwa shilingi mia kadhaa. Kompyuta ni makumi ya maelfu. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Mishale imerudi, lakini na bando

Najua wengine mtasema, "Buda, hii shida si iliisha? Tuko na Google Docs." Ni kweli. Fungua hati moja watu sita, utaona kila mtu na rangi yake na jina lake. Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, imefanya mishale ya watu wengi iwe jambo la kawaida kwa wabunifu. Maswali ya nani katengua nini yamejibiwa. Yamejibika kabisa.

Lakini angalia masharti. Kila mtu lazima awe na mashine yake, akaunti yake na bando lake. Watu wawili waliokaa benchi moja wanaonana kupitia seva iliyo mbali sana. Wazo la Bier na Freeman limerudi, ila kwa wale wenye vifaa sita. Kwa wale sita wenye kifaa kimoja, mshale bado ni mmoja.

Na simu? Skrini ya simu inahesabu vidole vingi kwa mara moja, sawa. Lakini haijui ni kidole cha nani. Mwaka 2001 maabara ya Mitsubishi kule Marekani ilionyesha meza iitwayo DiamondTouch iliyojua nani kagusa, kwa kupitisha ishara ndogo ya umeme kutoka kwa meza, kupitia mwili wake, hadi kwa kiti alichokalia. Inawezekana. Simu zetu hazikujengwa hivyo.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka kwa Toyama mwenyewe. Baada ya miaka ya miradi kama hii, mwaka 2015 aliandika kitabu akisema teknolojia hukuza tu kile ambacho watu na taasisi tayari wanacho. Mwalimu mzuri ataitumia vizuri, na shule iliyolala itaendelea kulala. Nakubaliana naye. Vipanya vitano havitamfanya mwalimu aje darasani. Lakini kuna wale walimu ambao wako, wanajituma, na wana kompyuta 10 kwa wanafunzi 50. Hao ndio ninaowazungumzia.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa nyinyi mnaosomea kuandika programu, kwa vyuo, kwa vyeti vya mtandaoni, hata kwa YouTube. Zana ziko bure, na kazi ya kufikiria imeshafanywa na wengine. Mtu mmoja aandike programu ya hesabu ya darasa la sita au ya kufundisha kupiga chapa, yenye mishale minne ya rangi nne, kwa Kiswahili, inayokimbia kwa kompyuta kuukuu za msaada zilizojaa kwenye maabara za shule zetu. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize swali ambalo programu nyingi hazijawahi kuuliza: aliyebonyeza hapa ni nani, na waliokaa pembeni yake watabonyeza lini?